Mpira wa Upepo Kwenye Chumba cha Droo: Unapovuja, na Unaposingiziwa

Magari-nyumba makubwa yenye chumba kinachochomoka ubavuni kama droo si mengi kwenye barabara ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, lakini yapo. Mengine yanaingilia Tunduma au Kasumulu yakipanda kwenda kaskazini, mengine yanatokea Dar es Salaam. Yakilala Mbeya au Mafinga mwezi wa Juni na Julai, lalamiko huwa moja: kompresa ndogo inanguruma saa kumi na moja alfajiri, na kwenye kona za chumba baridi inapenya. Fundi akiitwa, kinachotajwa kwanza ni mpira wa kujaa upepo unaoziba mwanya kuzunguka chumba. Mpira umetoboka, mpira umechoka, mpira ung'olewe. Sasa mpira huo ndio kifaa ghali kuliko vyote katika mfumo huu, ndio usiopatikana Mwanjelwa ya Mbeya wala Ipogolo ya Iringa, na ndio ambao ukishang'olewa vibaya haurudi ulivyokuwa. Uwe wa mwisho kushukiwa.

Upepo unapita wapi

Kabla ya kushika spana, hakikisha ni mpira upi unaozungumziwa. Pembezoni mwa chumba kuna ukanda mwembamba unaofuta ukuta wakati chumba kinatoka na kuingia. Huo hauna upepo, kazi yake ni kuondoa maji na vumbi. Kuna mpira mwingine wenye uvungu, unaogandamizwa na fremu pale chumba kinapofika mwisho wa safari yake. Nao hauna pampu, uvungu ni wa kuufanya uwe laini tu. Halafu kuna mpira wa kujaa upepo, uliolala kwenye mfereji kuzunguka tundu lote la ukuta. Ukiwa mtupu unalala bapa, chumba kinapita bila kuukwaruza. Ukijazwa unavimba na kuziba mwanya uliobaki kati ya ukuta wa gari na ukuta wa chumba. Mifumo ya HWH ya Marekani ni mfano wa aina hii. Si kila gari lenye chumba cha droo linao. Kama la kwako halina, ruka hadi kwenye kipimo cha karatasi na udi, huko chini.

Upepo wa kujazia hutoka ama kwenye kompresa ndogo ya umeme, ama kwenye tangi la upepo wa breki. Hapa ndipo penye hatari. Tangi la breki la gari kubwa hukaa kwenye bar 7 mpaka 9 hivi, na mpira unataka kidogo sana, kwa kawaida chini ya bar 1. Kiwango kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha gari na hicho ndicho cha kufuata, si cha gari la jirani. Katikati kuna regyuleta ya kupunguza shinikizo. Anayechomeka bomba la kompresa ya kujazia matairi moja kwa moja kwenye mpira ili "aone haraka panapovuja" atapaona kweli, maana atakuwa amepatengeneza mwenyewe.

Baada ya regyuleta kuna valvu ya kuzuia upepo usirudi, kisha valvu ya umeme yenye matundu matatu: upepo unaingilia moja, unakwenda kwenye mpira kwa jingine, na la tatu ni la kuutoa nje. Pembeni kuna swichi ya shinikizo inayowasha kompresa upepo ukipungua na kuizima ukitosha. Mifumo mingine ina pampu ya kunyonya inayoubana mpira ulale bapa kabisa kabla chumba hakijasogea. Vyote hivi vimeunganishwa kwa tyubu nyembamba za plastiki na viungio vya kusukumia.

Mpangilio wa kazi haubadiliki: ukibonyeza swichi ya chumba, mpira unatolewa upepo kwanza, chumba kinasogea, kinafika mwisho, mpira unajazwa tena. Mpira ambao haujaisha upepo ukikutana na chumba kinachosogea huchubuka, hujikunja, au hung'oka kwenye mfereji wake. Kwa hiyo gari ambalo mpira wake hautoki upepo lina ugonjwa mbaya kuliko lile ambalo mpira haujai. La pili litakupa baridi usiku, la kwanza litakuharibia mpira.

Mlima na baridi vinavyodanganya

Shinikizo linalosomwa kwenye geji ni tofauti kati ya upepo wa ndani ya mpira na hewa ya nje. Hewa ya nje haifanani kila mahali. Usawa wa bahari ni kama kPa 101 (kPa 100 ni bar 1). Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama kPa 82 na nusu. Mpira uliofungiwa upepo Dar es Salaam ukifika Mbeya bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote, geji yake itasoma karibu kPa 19 zaidi, yaani psi 2.7. Kwa tairi la lori hilo si neno. Kwa mpira uliokusudiwa kubeba kPa 60 tu, hilo ni ongezeko la karibu theluthi. Kwa kweli linapungua kidogo kwa sababu mpira wenyewe unatanuka na kuupa upepo nafasi, lakini usilitegemee hilo. Anayepanda mlima Kitonga akiwa ametoka usawa wa bahari asimame Iringa, autoe mpira upepo, kisha auache mfumo ujaze upya.

Kushuka kuna kinyume chake. Toka Mbeya kwenda Kyela unashuka zaidi ya mita 1,100, na hewa ya nje inaongezeka kwa karibu kPa 13. Joto la Kyela linarudisha sehemu ya hiyo tofauti, ila si yote. Mpira utasoma pungufu bila tundu lolote, kompresa itawaka, na dereva ataanza kutafuta uvujaji ambao haupo.

Usiku wa baridi nao ni hivyo hivyo. Chukua mpira wenye kPa 60 jioni, nje kukiwa na nyuzijoto 25, kisha alfajiri ya Julai zishuke hadi 5. Hesabu ya upepo uliofungiwa inakupa upungufu wa karibu kPa 10, yaani psi 1.4. Swichi nyingi za shinikizo zitashtuka kabla ya hapo. Basi kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote: sikiliza. Kompresa ikiamka mara moja au mbili karibu na alfajiri halafu ikanyamaza mpaka jioni, hiyo ni baridi. Ikiamka kila robo saa, mchana na usiku, huo ni uvujaji. Ikiwaka na isizime kabisa, ama uvujaji ni mkubwa, ama kompresa imechoka, ama swichi imekwama.

Ongeza na hili: kompresa ndogo ikifanya kazi kwenye mwinuko wa Mbeya inavuta hewa nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, kwa kila mzunguko. Mfumo wenye kikomo cha muda unaweza kukata kabla mpira haujajaa na kuwasha taa ya hitilafu. Kama taa hiyo inawaka nyanda za juu tu na kuzimika Morogoro, angalia kwanza chujio la kompresa, kisha betri, kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kupima kwa mashine ya presha

Geji ya tairi haifai hapa. Imetengenezwa kwa ajili ya bar kadhaa, na sindano yake chini ya bar 1 haina maana. Geji ya bar 0 hadi 1 ndiyo inayotakiwa, na kama huna, nenda duka la dawa. Mashine ya presha ya mkono, ile yenye geji ya duara na balbu ya kuminya, inasoma hadi mmHg (milimita za zebaki) 300, sawa na kPa 40. Haifiki shinikizo la kazi la mipira mingi, lakini kwa kutafuta uvujaji inatosha na inazidi, kwa sababu tundu linalovuja kwenye kPa 60 litavuja pia kwenye 27. Ondoa kitambaa cha mkononi, ubaki na geji, balbu na mipira yake. Mpira wa mashine huvutika na kuingia juu ya tyubu ya plastiki ukiilowesha kwa maji. Kaza kwa waya mwembamba.

Usalama kwanza. Gari liwe sehemu tambarare, matairi yawekewe kabari, na fyuzi ya mota au ya pampu ya haidroliki ya chumba itolewe na kuwekwa mfukoni mwa anayefanya kazi, si juu ya dashibodi. Chumba cha droo kina uzito wa kuvunja mkono. Asiwepo mtu anayeingiza vidole mwanyani huku mwingine ana ruhusa ya kubonyeza swichi.

Chumba kikiwa kimefika mwisho, nje au ndani, chomoa tyubu inayokwenda kwenye mpira pale inapotoka kwenye valvu ya umeme. Viungio vya kusukumia huachia ukibonyeza kola yake sawasawa pande zote huku ukivuta tyubu. Ukiivuta kwa nguvu bila kubonyeza utaikwaruza, na mkwaruzo ndio utakaovuja kesho. Unganisha mashine ya presha. Mpira wa chumba cha mita 4 kwa 2 una mzunguko wa mita 12, na kama upana wake wa ndani ni sentimita 2, unameza karibu lita 4. Kwa balbu peke yake ni kuminya mara nyingi sana, kwa hiyo anza na pampu ya baiskeli, taratibu, macho yakiwa kwenye geji, kisha malizia kwa balbu mpaka mmHg 200. Usipite 250.

Subiri dakika 5. Mpira unajinyoosha na sindano itashuka kidogo, hilo ni la kawaida. Rudisha kwenye 200, funga, andika saa, subiri nusu saa. Fanya hivi asubuhi yenye mawingu au gari likiwa kivulini muda wote. Nyuzijoto 1 ya mabadiliko inasogeza sindano kwa karibu mmHg 3, kwa hiyo jua la saa tatu likipiga ubavu wa gari linaweza kuficha uvujaji wa kweli kwa kupandisha shinikizo wakati upepo unatoka. Sindano ikipungua kwa kiasi kisichofika mmHg 10 ndani ya nusu saa bila joto kubadilika, mpira ni mzima kwa matumizi. Ikipungua kwa 50, kuna tundu. Ikigoma kupanda tangu mwanzo, tundu ni kubwa au kiungo cha tyubu na mpira kimechomoka ndani ya ukuta.

Mpira ukifaulu, na hufaulu mara nyingi kuliko mafundi wanavyotarajia, umeshaokoa gharama kubwa. Tatizo liko upande wa pili, kwenye valvu, viungio, regyuleta au kompresa, na huko vipuri vinapatikana.

Theluthi ya milimita inayosumbua

Magari ya Marekani hutumia tyubu ya robo inchi, ambayo kwa nje ni milimita 6.35. Maduka ya vipuri vya malori Mbeya na Iringa yamejaa tyubu na viungio vya milimita 6, kwa sababu malori ya Ulaya hutumia hivyo. Ukishika mkononi vinafanana. Tyubu ya milimita 6 ikiingizwa kwenye kiungio cha robo inchi itaingia kirahisi, itashika, na itavuja kidogo kidogo milele, hasa ikitikiswa barabarani. Tyubu ya robo inchi haiingii kwenye kiungio cha milimita 6, na kuna wanaoichonga kwa wembe ili iingie. Hiyo nayo itavuja. Suluhisho ni kubadilisha kipande kizima: viungio vyote viwili na tyubu ya katikati viwe vya milimita 6, au vyote viwe vya robo inchi. Kutumia kaliba kupima ni kazi ya dakika moja.

Thredi, yaani meno ya kukazia viungio, nazo zina mtego huo huo. Thredi za Marekani za NPT na zile za BSP zilizozoeleka hapa zinakaribiana mno kwenye ukubwa mdogo. Ile ya moja ya nane ya inchi ina meno 27 kwa inchi upande wa NPT na 28 upande wa BSP, na ile ya robo ni 18 kwa 19. Pembe ya jino pia haifanani, digrii 60 kwa 55. Utazungusha mara mbili tatu vizuri, kisha kutakaza, na utadhani imekaa. Tepu nyeupe ya kuzungushia thredi haitaziba uvujaji huo. Zaidi ya hapo, ukizidisha nguvu kwenye mwili wa regyuleta wa alumini utaupasua. Kiungio kikianza kukaza kabla hakijaingia kiasi cha kutosha, kitoe.

Kuhusu tepu: zungusha mara mbili au tatu, ukiacha jino la kwanza wazi. Nyuzi za tepu zinazoingia ndani husafiri na upepo mpaka kwenye valvu ya umeme na kukaa pale pale valvu inapofungia. Kuna valvu nyingi zimehukumiwa kifo kwa sababu ya kipande cha tepu.

Kuzitafuta sehemu zinazovuja, changanya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji, sehemu 1 kwa 10, upake kwa brashi ndogo kwenye kila kiungio mfumo ukiwa na shinikizo. Uvujaji mdogo hautoi povu kubwa, unatoa vitone vyeupe vinavyochukua dakika nzima kuonekana. Tyubu inayovuja kwenye kiungio, kata sentimita 1 kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, uirudishe. Mkasi unaibana tyubu iwe yai na pete ya ndani haitaishika vizuri.

Valvu ya umeme

Valvu inayovuja kwa ndani haionyeshi povu popote, kwa sababu upepo unatokea kwenye tundu lake halali la kutolea. Chomeka kipande cha tyubu kwenye tundu hilo na ncha ya pili iingize kwenye glasi ya maji. Mpira ukiwa umejazwa na mfumo umetulia, maji yanatakiwa yatulie pia. Yakitoa mapovu, valvu haifungi. Sababu kubwa ni uchafu. Vumbi la msimu wa kiangazi kati ya Igawa na Chimala, au njia ya Chunya kwenye sehemu zisizo na lami, ni laini kama poda ya mtoto na linaingia popote penye chujio bovu. Valvu nyingi hufunguliwa kwa skrubu nne au kwa nati moja ya koili, ile waya iliyozungushwa inayoivuta valvu kwa umeme. Toa, angalia kipande cha mpira kinachoziba tundu, kifute kwa kitambaa chenye spiriti, angalia kama spiringi imenyooka, rudisha. Usilainishe kwa grisi ya magurudumu.

Tundu la kutolea likiwa limeziba ndipo unapopata ule ugonjwa mbaya wa mpira usiotoa upepo. Gari lililokaa miezi kadhaa uani, nyigu wa udongo hujenga humo. Kitundu cha milimita 5 kinawatosha. Lichokonoe ukiwa umechomoa tyubu ya mpira, ili udongo usisukumwe ndani, kisha uweke kizibo chenye vitundu, kile cha kupunguza kelele cha shaba kinachouzwa na vifaa vya upepo. Kama gari limekwama na chumba lazima kiingie leo, kuna njia ya mkono: chomoa tyubu ya mpira kwenye valvu, uache upepo utoke wenyewe, usubiri mpaka mpira unapoubonyeza kwa kidole hausukumi nyuma, ndipo uingize chumba. Mifumo yenye pampu ya kunyonya inahitaji subira zaidi hapo.

Upande wa umeme si mgumu. Pima volti kwenye waya za koili wakati imeamriwa kufanya kazi, si wakati imepumzika. Ikiwa betri ina 12.6 na koili inapata 10.2, kuna waya au kiungio kinachokula volti mbili na zaidi, mara nyingi ni waya wa bodi uliopata kutu. Koili nzima ya wati 8 kwa volti 12 inasoma karibu om 18. Ikisoma mwisho kabisa, yaani haina njia, imekatika. Ikisoma om 2 au 3, imeungua ndani.

Na inaungua kwa sababu moja inayojulikana sana kwenye korido hii: malori yetu ni ya volti 24. Gari-nyumba la volti 12 likiishiwa betri, msamaria anakuja na nyaya kutoka kwenye Scania na kuunganisha betri zote mbili. Koili ya om 18 iliyozoea wati 8 inapokea wati 32. Haifi hapo hapo, inapata joto, gamba lake linayeyuka kidogo, na siku chache baadaye mpira unaanza kukataa kutii. Ukiona hitilafu ya valvu imefuata baada ya gari kuamshwa na lori, hapo huna haja ya kutafuta mbali.

Mpira wenyewe ukiwa na tundu

Kipimo cha nusu saa kikishathibitisha kwamba mpira ndio unaovuja, tafuta tundu kwa shinikizo dogo zaidi. Chumba kikisogezwa ili kufikia mpira, mpira haupati ukuta wa kuuegemea na unaweza kupasuka kwa shinikizo la kawaida. Baki kwenye mmHg 75. Anzia kwenye kona, kisha kwenye maungio pale ncha mbili zilipounganishwa kiwandani, kisha pale tyubu inapoingia. Katikati ya mstari ulionyooka ni nadra, isipokuwa mpira umechanwa na mchanga, skrubu iliyolegea au tawi lililoingia na chumba.

Sasa kiraka. Fundi wa pancha atakuja na soluchani na kiraka cha tyubu, kwa nia njema kabisa, na kiraka kitashika mpaka kesho yake. Mipira mingi ya kuzuia maji kwenye magari imetengenezwa kwa EPDM, aina inayostahimili jua na mvua vizuri sana na kukataa gundi za kawaida vizuri vile vile. Kuitambua: weka tone la oili kwenye kipande kisicho na kazi, usiku kucha. EPDM itavimba na kulainika. Neoprini, aina nyingine ya mpira, itabadilika kidogo tu. Kama ni neoprini, gundi ya neoprini inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kubanwa inafanya kazi. Kama ni EPDM, tafuta kiraka na praima yake maalumu, vile vinavyouzwa kwa ajili ya mapaa na mabwawa ya EPDM. Gundi ya kushika papo hapo hushika EPDM kwenye mkato safi, lakini inakauka ngumu na mpira huu unavimba na kulala kila siku. Ichukulie kama ya kukufikisha Dar es Salaam.

Safisha kwa spiriti, si petroli wala tina. Kwaruza kwa msasa namba 120 mpaka weusi wake upoteze mng'ao. Mviringo wa kiraka upite tundu kwa sentimita 2 kila upande. Acha saa 24 bila upepo. Usiku wa Mbeya ukiwa wa nyuzijoto 6, acha saa 48, maana gundi nyingi zinalala kwenye baridi.

Silikoni ya kuzibia mabafu haina kazi hapa. Ile inayonuka siki inakula chuma na alumini, inagandisha chumba kwenye fremu, na popote ilipopita gundi nyingine haitashika tena bila kukwangua. Anayeipaka anahamisha tatizo kwa fundi atakayefuata.

Mpira mzima, baridi bado inaingia

Hapa tatizo si upepo, ni mwanya. Kata karatasi za daftari vipande vya sentimita 5, viweke kati ya mpira na ukuta wa chumba kila nusu mita, jaza mpira, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachotoka bila ubishi kinakuonyesha mahali. Au funga madirisha yote, zima gesi, washa feni ya kutoa hewa juu ya paa, kisha pitisha udi uliowashwa taratibu kwa nje kuzunguka chumba. Moshi utavutwa pale penye upenyo. Kwa maji, mwagia bomba kuanzia chini kwenda juu, dakika 3 kila sehemu. Ukianza juu, maji yatashuka na hutajua yaliingilia wapi. Anayekwenda Tukuyu, kwenye mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, afanye kipimo hiki kabla ya kupita Uyole.

Pima mwanya kwa rula sehemu nane: kona nne na katikati ya kila upande. Mpira wa upepo unaweza kuziba mwanya fulani tu, na zaidi ya hapo unavimba hewani bila kugusa kitu. Tofauti kati ya sehemu moja na nyingine ikizidi milimita 5 au 6, chumba kimekaa upande. Ila kabla ya kugusa boliti za kurekebisha, lisawazishe gari. Maegesho ya huku ni ya mteremko, na gari refu likisimama tairi moja likiwa juu, chasisi inajipinda na tundu la ukuta linapoteza umbo lake. Ukirekebisha chumba kwenye mteremko wa Igawilo, kitakuwa kimekaa vibaya kwenye kila tambarare utakayofika baadaye. Weka mbao chini ya matairi, pima kwa pima-maji sakafuni kwa urefu na kwa upana, kisha pima mwanya upya.

Ikithibitika kwamba mpira lazima ubadilishwe, kata sentimita 5 za ule wa zamani, sehemu isiyochakaa, ukiwa na mgongo wake unaoingia kwenye mfereji. Upige picha ya umbo la mkato ukiwa na rula pembeni, upime mzunguko wa tundu kwa kamba isiyovutika kupitia ndani ya mfereji, kona zikiwemo, na uandike tyubu inaingilia upande gani na umbali gani kutoka kwenye kona ya chini. Mpira ulioagizwa bila taarifa hiyo ya mwisho unaweza kufika ukiwa na mdomo upande ambao ukuta hauna tundu. Wakati wa kuupachika, lainisha mfereji kwa maji ya sabuni au silikoni ya kupulizia, kamwe si grisi wala Vaselini, na uusukume kwenda mbele badala ya kuuvuta. Mpira uliovutwa ukiingizwa hurudi kwenye urefu wake ndani ya wiki chache, na kona ndizo zinazofunguka kwanza.